Nilisema Nimepita

Jumatatu, 11 Agosti
Matokeo yametoka. Wastani wangu 2.3. Chuo ninachotaka kuhamia hakipokei chini ya 2.7. Ile D ya Takwimu ndiyo imeniponza — na niliitafuta mwenyewe, vipindi nilikuwa siingii. Fomu nimeipeleka kwao hivyo hivyo. Karani wa uhamisho akauliza kama nimesoma masharti. Nimesoma, nikasema. Basi nisijipe moyo sana, akasema, kamati inakaa Alhamisi. Foleni nzima inasikia. Aibu!

Jioni Mama akaniuliza, mguu kwenye cherehani, chuo kipya vipi? "Nimepita, Mama." Yaani nimepita ofisini, nimeacha fomu! Yeye akasikia nimefaulu. Akaacha kushona, akapiga vigelegele. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga. Mjinga mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Wateja wote wameshaambiwa. Yule wa sare za kwaya kanipa mkono wa hongera. Mama Mkubwa kapiga simu, ananiita profesa. Nami nikacheka! Sijui nina uso wa namna gani.

Alhamisi, 14 Agosti
Ujumbe umeingia saa nne. Ombi halikukubaliwa. Nimeusoma chooni, nimeufuta.
Chuo changu cha sasa kinafunga usajili kesho. Nisipojisajili, mwaka umekwenda. Nikijisajili, Mama atajua. Mara tatu nimemwendea nimwambie. Mara ya tatu akanitangulia: kesho hashoni, twende wote chuo kipya akamshukuru karani aliyenipokea. Mtu akikutendea wema, anasema, unamfuata alipo.

Ijumaa, 15 Agosti
Naandika hapa benchini, ukumbi wa usajili wa chuo kipya. Nimemwambia Mama kwamba karani ana kazi nyingi. Nimemwambia Ijumaa hawapokei wageni. Njiani nikasema kichwa kinaniuma — akanipa dawa! Kavaa gauni la harusi ya Mama Mdogo. Kupanga foleni kanikatalia. Kaa hapo mwanangu, leo zamu yangu.

Mbele yake watu wawili. Sasa mmoja.

Karani ni yule yule wa Jumatatu. Mama anaongea, mkono kifuani. Karani anatabasamu, anaandika jina langu kwenye kompyuta. Ameacha kutabasamu. Ananitazama mimi, juu ya bega la Mama.

Mama hajageuka. Namsikia mpaka huku — anamwomba aangalie tena vizuri, pengine amekosea jina, maana mwanawe hasemi uongo.