Utepe wa Mshelisheli Wako

Kijijini Atirau,
Kisiwa cha Taukeva,
14 Septemba 2006.

Mpendwa dada Mareta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Hujambo? Shingo inaendeleaje tangu operesheni ya tezi, na vile vidonge vya asubuhi unavimeza, au unavificha mkononi kama ulivyokuwa ukificha dawa ya minyoo? Mimi nipo. Magoti yanalalamika, lakini mwenyewe bado nasimama.

Hongera kwa kumpata mjukuu. Tihoni alipotuonyesha picha ya Hinarau tulicheka: pua ni ya Bibi yetu Toria, haikupunguzwa hata kidogo.

Mwanao huyo alifika Jumatatu kwa ndege, amelipakata lile sanduku la barafu kama trei ya mayai. Kondo la nyuma la mtoto nililiweka kwenye friza, nikawahamisha samaki. Umeomba lizikwe chini ya mshelisheli wako, pale lilipozikwa kondo lako ulipozaliwa, ili Hinarau naye awe na kwao. Ni haki yako, na mila ndiyo hiyo. Tihoni alitaka kuchimba siku ileile. Nikamwambia angoje. Amengoja siku tatu, na kesho anarudi huko Papeete.

Mareta, kuna jambo nimelibeba miaka thelathini na minane. Kwenye simu nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za bei ya mchele.

Unakumbuka mvua ya kwenye banda? Tulikuwa na miaka minane. Siku Wafaransa walipojaribu lile bomu lao la nyuklia, askari walitufungia kijiji kizima kwenye lile banda la bati, wakatuonyesha sinema na kutugawia biskuti, na juu ya paa maji yakamwagika kutwa. Ulichungulia kwenye tundu la msumari ukaninong'oneza, "We Veronika, mbona nje jua linawaka?" Kumbe mabomba yalikuwa yakiliosha paa. Tulipotolewa, mbwa walioachwa nje walikuwa wamekaa njiani wakitutazama, na hakuna aliyebweka. Bibi alipangusa meza ya uani kwa kiganja, akakinusa, akasema, "Vumbi gani hili lisilo na harufu?"

Siku mbili baadaye alipita askari mwenye kisanduku kilicholia kama mjusi kafiri. Wewe ulikuwa umelala na homa. Kwenye miti mingine kililia kidogo kidogo. Kwenye wako kililia mfululizo mpaka yule bwana akarudi nyuma hatua mbili. Akafunga utepe wa njano kwenye shina, akaenda zake. Ulikuwa utepe mzuri, dada, unameremeta. Komunyo yetu ya kwanza ilibaki wiki moja na hatukuwa na kitu cha kufungia nywele. Nikaufungua.

Jioni katekista akapita akitangaza, "Jamani, mti wenye utepe usiliwe mpaka waseme wao." Bibi akauzunguka mti wako, akalikagua shina lote, akapiga ishara ya msalaba. "Wetu hauna kitu. Mungu katupendelea," akasema. Utepe ulikuwa chini ya mto wangu. Niliogopa fimbo. Fimbo tu.

Basi tukala. Majirani ambao miti yao ilikuwa na utepe wakaja kwetu na vikapu, na Bibi, unavyomjua, hakumrudisha mtu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wangu mshindo wake ulikuja polepole. Bibi kwanza, kisha mama yangu, mama yako mkubwa, kisha shingo yako. Huenda si mti. Huenda ni samaki, au maji ya tangi, maana sote tulikula na kunywa. Daktari aliyekuja mwaka jana alisema hawezi kujua. Mimi pia siwezi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mti wenyewe unazaa kuliko yote kijijini, hata nje ya msimu. Tangu Bibi azikwe sijauonja. Nilisingizia tumbo, na wengine nao wakaacha mmoja mmoja bila kusema kwa nini. Upepo hakuna, lakini utasikia puu juu ya bati, kisha tena puu. Nguruwe huja, wakanusa, wakaondoka.

Kwa hiyo sikuzika. Kondo la Hinarau linarudi kwenye sanduku hilohilo, chini ya barua hii. Lizike huko, hata kwenye chungu cha maua barazani. Najua ninamnyima mtoto kwao, na ninaona aibu. Tihoni sijamweleza. Utamweleza wewe ukishamaliza kunikasirikia, hata ikikuchukua mwaka mzima.

Sasa simama mbele ya picha yetu ya komunyo uliyoitundika sebuleni. Tazama nywele zetu. Utepe ule nilikwambia ni zawadi ya watawa, nikaukata vipande viwili, nikakufunga kwa mkono wangu. Picha haina rangi, kwa hiyo utepe unaonekana mweupe, lakini ni uleule wa njano.

Nusu yangu nimeirudisha kwenye shina leo asubuhi, na Tihoni akishaondoka, kila atakayeuliza nitamwambia. Tihoni anasema nusu yako umeitunza ndani ya Biblia, ndiyo utakayomfunga nayo mtoto kichwani siku ya ubatizo. Dada, usimfunge.

Nisalimie Vaihere, umpe hongera ya kumzaa Hinarau, na shemeji, mwambie madoido yake ya kupika nimeyakumbuka. Huku mjomba Tepano anakusalimu, na mama mdogo Akata pia. Mungu amkuze Hinarau, ampe shingo nyororo mpaka uzeeni.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, hata usiponijibu,

Veronika