Msaada Umekwisha, Nani Ameula?

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Busia. Mgongo unaendeleaje huko Voi? Usiniambie umepona, nakujua, ukisema hivyo ujue umelala kutwa. Mimi ni mzima wa mwili, lakini hapa dukani siku hizi hata mtu akinichekea najiuliza anataka nini.

Unakumbuka wale akina mama wa kanisa kule Nabuyoga, upande wa Uganda, waliochanga wakanunua kwangu tableti za bei nafuu ili watoto wasomee? Nilizibadili lugha ziandike Kiswahili kwa mkono wangu, nikijiona nimewafaa. Juzi mwenyekiti wao, Mama Owor, alivuka mpaka, akaingia bila salamu, akaifungua tableti kutoka kwenye leso. Masomo yamegoma kufunguka, na kwenye kioo pameandikwa: "Msaada wa kifaa hiki umekwisha."

"Kumbe ilikuwa msaada!" akafoka. "Wazungu naleta bure, wewe nauzia sisi. Sasa nasema imekwisha. Nani nakula?"

Loo, mama! Huku msaada ni magunia ya unga na mablanketi, na ukiisha lazima kuna aliyeula. Nikamweleza kwamba ni watengenezaji tu wameacha kuzipelekea apdeti, yaani yale marekebisho yanayoingia kwa intaneti. Akanikazia macho.

"Wakati wewe nauzia sisi, ulikuwa najua?"

Sikujua. Lakini bosi, aliyekuwa karibu, akaanza kupangusa kabati lililokuwa safi. Alipoondoka mama yule nikamwuliza nani alibandua vile vibandiko vya tarehe ya mwisho wa apdeti kwenye maboksi. "Hayo mambo wateja hawasomi," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Sasa hata akinikaribisha chai, nanusa kwanza.

Mama Owor anataka Jumapili nisimame kanisani kwao niseme nani alifanya nini. Nitaenda, na bosi nitamtaja. Kama ni kumwaga unga, nimwage. Sikubali kuitwa mwizi na watu waliokuwa wakiniletea karanga.

Msalimie baba mdogo, mlinzi wa stesheni. Shangazi muuza ndizi mwambie sijaolewa, asiulize tena.

Na ile tableti niliyokutumia Krismasi, ambayo bosi alinipunguzia bei nikadhani ananipenda kama mwanawe, ilitoka kwenye maboksi yaleyale. Siku ikikuandikia msaada umekwisha, tafadhali mama, usiseme binti yako ameula.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Mercy