Goti la Kwanza

Zahle, msimu wa zabibu

Mdogo wangu mpenzi Nasib,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Montreal, na baridi haijakushinda. Mimi moyo umechoka. Daktari hanifichi, nami simbembelezi. Nisalimie mkeo Huda na watoto.

Jana nilikaa kibarazani, wapiga ngoma wakapita kwenda harusini. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiongoza mstari wa dabke, ngoma yetu ya harusini, nikizungusha leso, nawe nyuma yangu ukinikanyaga visigino. Mama alikuwa akisema mtoto huyu na asome tu, miguu hana.

Ukasoma udaktari, ukarudi na mashine yako ya leza, nami nikataka goti langu bovu liwe la kwanza kutibiwa. Mama aliuliza kama mwanga huo unachoma kweli. Ulipokubali, akasema basi ukimaliza kwa dada yako, uje umchomee bilingani. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kwenye harusi yako nilicheza. Ukawaambia wageni wamtazame dada yako, machozi yakikulenga. Baada ya siku ile watu walimiminika kwako, akiwemo Jirjis mwoka mikate. Yaliyompata unayajua. Uliifungia leza, ukahama nchi, na kila barua umeniuliza kwa nini mkono uliolitengeneza goti langu uliliharibu la Jirjis.

Nasib, haukulitengeneza. Kabla ya harusi nilikwenda Beirut kwa siri. Daktari wa huko alinionyesha picha: joto la leza lilikuwa limeua gegedu, lile tandiko laini la kwenye kiungo, na mfupa wa chini yake umeanza kufa. Akanisihi nikwambie upesi. Nikautazama uso wako wa bwana harusi, nikameza vidonge, nikacheza. Wala sikuanguka kwenye ngazi za kanisa, kama nilivyowaambia nyote nilipoanza kuchechemea.

Ningesema, ungeiacha mashine ile, na Jirjis leo angekuwa amesimama. Sasa hukaa kitini kando ya tanuri, akimkaripia mwanawe kwamba anaunguza mikate. Jumapili nilikwenda nikamweleza yote. Akamwambia mwanawe anifungie mkate wangu. Hakunitazama.

Mzigo ulioubeba kuvuka bahari, mdogo wangu, nusu yake ni yangu. Nirudishie.

Nakubusu macho yote mawili. Ukija kunizika, wapiga ngoma wasizuiwe.

Dada yako,
Wadad