Kapteni Ansel Burdick, Mtu Aliyesimamisha Mto

Mwaka umetimia, Baba, tangu mto Sawbill ukuchukue siku ya Pasaka, ukiwa umevaa viatu vya kanisani. Mama alisema nisianze na viatu. Nimeanza navyo, kwa sababu ungekuwepo ungekuwa wa kwanza kucheka.

Ninayeandika humu gazetini ni mimi, Rosetta, binti yako mkubwa, kwa niaba ya nyumba nzima. Lyman alitaka kuandika yeye, lakini mwanao huyo akishika kalamu kila marehemu anageuka malaika, na wewe malaika hukuwa. Ulikoroma kanisani. Ukiamka uliimba, na heri ungeendelea kukoroma. Ulikula pai ya tufaha asubuhi na mapema kabla ya kitu kingine chochote, na ukiulizwa ulijibu kwamba askari hana hakika ya kufika jioni.

Ulirudi kutoka vita vya Kaskazini na Kusini na cheo cha kapteni na mguu uliotabiri mvua vizuri kuliko almanaka. Wenzako walirudi mashambani. Wewe ukaingia porini na shoka na fahali wawili wa kukopa, na kutoka hapo ukajenga kiwanda cha mbao ambacho nusu ya mji huu imekula kwa kazi yake. Hata ulipokuwa tajiri hukuacha kunusa mbao. Ulishika ubao, ukausogeza puani, ukasema, "Huu ulikulia mlimani, huu ulikulia bondeni," na hakuna aliyewahi kujua kama ni kweli au unatutania.

Kambini ulikula maharage yale yale waliyokula watu wako. Siku mpishi alipoyaunguza, ulikula yaliyoungua ukaomba uongezewe, na mpishi yule alilia mazishini kuliko sisi. Watoto wa wafanyakazi ulidai unawajua wote kwa majina. Hukuwajua. Kila mtoto wa Kinorwe ulimwita Ole, jina la kiume la kwao, na wote waliitika, hata wasichana.

Jambo moja hukulisema mbele za watu, na leo tunalisema sisi. Mdogo wako Merritt alibaki kwenye misitu ya Virginia. Jeshi liliamriwa kurudi nyuma, ukarudi nalo, yeye akabaki, na hakuna aliyejua alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Bibi, mama yako mzazi, aliishi miaka mingi baada ya vita, na kila ulipoingia jikoni kwake alikuuliza, "Ansel, mdogo wako yuko wapi?" Hakuwa amerukwa na akili. Alijua mwanawe amekufa. Alichotaka ni kujua amelala wapi. Na wewe, uliyekuwa na jibu la kila kitu chini ya jua, ulivua kofia ukanyamaza.

Ndiyo maana mambo yalikuwa vile alipozama Télesphore Gagnon.

Wazee wa mji wanakumbuka. Alikuwa Mfaransa wa Kanada, hodari wa kutembea juu ya magogo yanayoelea, na hapa hakuwa na ndugu hata mmoja. Tulikuwa katikati ya kuteremsha magogo. Kila anayesoma gazeti hili anajua kwamba maji ya theluji hayamngojei mtu: yakipungua, magogo yanalala juu ya mawe mpaka mwaka unaofuata, na mji unalala nayo njaa. Kwa hiyo desturi ya mito yote ilikuwa moja. Mtu akizama, wenzake wanatundika buti zake kwenye mti ulio karibu, wanavua kofia, kisha kazi inaendelea. Magogo yanapita juu yake.

Wewe ukasema, "Fungeni mto."

Cornelius Tighe, nyapara wako, alidhani hakusikia vizuri.

"Kapteni, maji yanashuka hivi tunavyoongea. Tukisimama leo na kesho tumekwisha."

"Basi tumekwisha."

"Na mwenyewe ameshakufa, Mungu amrehemu. Tukisimama tunamsaidia nini?"

"Ana mama huko kwao, Con. Mama huyo ataniuliza mwanawe yuko wapi. Nimjibu nini? 'Mtoni'? Mto una urefu gani?"

Con akageuka kuwaita watu. Mto ukafungwa kwa mnyororo wa magogo kutoka ukingo hadi ukingo, watu wakaingia na ndoano ndefu, wakachokoa kila shimo mpaka akapatikana. Ulimsindikiza mwenyewe kwa treni hadi kwa mama yake. Magogo mengi yalikwama mwaka ule, na uliporudi ulikuta mji umegawanyika, wengine wakikusifu na wengine wakikuita mwendawazimu.

Aliyekuita mwendawazimu kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bwana Silas Crandall, mwenye kiwanda cha ng'ambo ya mto, ambaye magogo yake husafiri pamoja na yetu na ambaye aligombea nawe kiti cha Seneti ya jimbo kule Madison. Alipanda jukwaani pale ukumbini akasema, "Huyu amesimamisha mto kwa ajili ya maiti! Mkimpeleka Madison atasimamisha serikali kila panzi akifa!"

Watu walicheka, na wewe ukacheka nao. Kisha ukainuka kitini. "Silas," ulisema, "siku serikali itakapomzamisha mtu, nitaisimamisha kweli."

Wakakupa kura. Wanorwe wakakupa, Waairishi wakakupa, Wafaransa wakaja na tarumbeta. Ulikwenda Madison na muswada mmoja mfukoni: kwamba mtu akizama kwenye kazi ya magogo, mto usimame mpaka apatikane. Tulisimuliwa baadaye ilivyokuwa. Seneta mmoja wa mjini alisimama akauliza, "Tukingoja kila maiti, mheshimiwa, Chicago itajengwa kwa mbao gani?" Ukamjibu, "Kwa mbao zile zile, mheshimiwa. Zitachelewa kidogo." Ukumbi mzima uliangua kicheko, na muswada ukaangushwa. Uliurudisha mwaka uliofuata, ukaangushwa tena. Ulipoingia jikoni mara ya pili, Mama hakuuliza mengi.

"Wamekukataa?"

"Wamenikataa."

"Basi kaa ule. Hukwenda kule kupendwa."

Tulidhani jambo limeishia hapo. Hatukujua kwamba watu wa mtoni walikuwa wamekusikia.

Pasaka ya mwaka jana magogo yalikwama kwenye Meno ya Bibi, yale mawe meusi chini ya daraja. Tulikuwa tunatoka kanisani. Ulisikia kelele, ukamwachia Mama kitabu cha nyimbo, ukashuka bondeni. Mama alikupigia kelele, "Ansel, badili viatu!" Ukapunga mkono, kama ulivyozoea kumpungia ukiwa umesikia na hutaki kusikia. Buti za mtoni zina misumari kwenye soli. Viatu vya kanisani vina kiwi tu.

Con alikuona unakanyaga gogo la kwanza. "Kapteni, shuka! Umri wako ni wa kiti!"

"Kiti kinanichosha, Con. Vuteni lile la kushoto, lile ndilo limeziba!"

Na kweli ndilo lililokuwa limeziba. Walilivuta, lundo lote likaachia kwa mara moja. Wenye misumari waliruka wakafika ukingoni. Wewe uliteleza.

Baba, hiki ndicho tunachotaka usikie. Hakuna aliyetoa amri. Lyman alikuwa amepiga magoti matopeni na mimi nilikuwa nimemshika Mama, na tulipoinua macho mto ulikuwa umefungwa. Watu wako walikuwa wameshaingia na ndoano. Ng'ambo, watu wa Crandall nao walikuwa wameshaingia.

Bwana Crandall alikuja na gari lake la farasi, uso umemwiva. "Nani amewaambia msimame?"

Mnorwe wake mmoja, Torger, maji yakiwa kifuani, alimjibu bila kugeuka. "Hakuna aliyetuambia, bwana."

"Mnajua nitapoteza nini?"

"Tunajua, bwana. Na sisi tutapoteza."

Crandall alitukana. Alilitukana jua, akakutukana wewe na viatu vyako, akautukana mto na aliyeuumba. Alirudi kesho yake akatukana tena, lakini alikuja na birika la kahawa ya watu wote, na hakumwambia mtu wake hata mmoja arudi kazini.

Siku zikapita hukuonekana. Maji yakashuka mpaka tukaanza kuona mawe ambayo hayaonekani kabla ya kiangazi. Wake wa wafanyakazi walikuja ukingoni, wakasimama na watoto wao, na Mama aliona jinsi walivyokuwa wakiyatazama maji. Akavaa koti lako, akashuka kwa Con.

"Con, fungua. Yaachie yapite."

"Siwezi, Mama Burdick."

"Watu hawa wana watoto. Nakuamuru. Kiwanda sasa ni changu."

"Kiwanda ni chako, mama, sibishi. Ila sheria hii si ya kiwanda."

"Sheria gani, na Madison waliikataa mara mbili?"

"Madison hawatembei juu ya magogo," alisema Con. "Nenda ukapumzike, mama. Mzee wetu hatumwachi humu."

Mama alikaa juu ya jiwe akalia kwa mara ya kwanza. Mpaka siku ile alikuwa anakukasirikia tu.

Aliyekupata ni Torger. Alipaza sauti kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Crandall alivua kofia akaishikilia mpaka ulipopandishwa juu. Wateremsha magogo walitaka kukutundikia buti kama mwenzao, wakakuta huna buti, wakatundika viatu vyako vya kanisani kwenye msonobari ulio juu ya kaburi. Mchungaji anasema si heshima. Mama anasema viachwe, vimfundishe.

Hatutasema uongo, Baba. Mwaka umekuwa mgumu. Magogo yalilala juu ya mawe, viwanda vyote viwili vikanyamaza, watu wakaenda kukata nyasi mashambani na wengine wakahama. Si wote walioshukuru. Bess Amory, mke wa fundi misumeno, alikutana na Mama dukani akamwambia mbele ya watu, "Mama Burdick, mumeo alikuwa mzito hai, na maiti amekuwa mzito zaidi." Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta, Bess naye akashindwa kujizuia, kisha wakaenda nyumbani pamoja kupika. Majira ya baridi tumeyapita hivyo, nyumba hii ikila kwa ile.

Wiki hii theluji imeyeyuka na maji yamejaa. Magogo ya mwaka jana yameshuka, yenye alama yetu na yenye alama ya Crandall, yakigongana usiku na mchana, na misumeno imeanza kulia tena. Watu wote waliopanda juu ya magogo wamerudi ukingoni wakiwa hai. Con aliwaita jina kwa jina, na kila mmoja akaitika.

Jumapili tulikuja kukusalimia. Lyman aling'oa magugu, watoto wakakimbia juu ya kichwa chako kama ulivyowazoesha. Mama aliweka mkono juu ya jiwe lako, kisha akasema, "Mama mkwe angekuwepo akaniuliza wanawe wako wapi, angalau kwa mmoja ningemjibu."

Wanaokukumbuka ni mkeo Philura. Watoto wako, mimi Rosetta na Lyman. Mkwe wako Hattie. Wajukuu wako Effie na Merritt mdogo, ambaye ameanza kunusa mbao na kutudanganya. Cornelius Tighe na watu wote wa mtoni. Na Silas Crandall, aliyeomba mwenyewe jina lake liwekwe, nasi tumeliweka mwisho.

Baba, atakayetuuliza uko wapi tutamshika mkono tumlete. Hakuna siku itakayotufanya tukusahau.