Pikapu Haijakaa Bado

Jumanne, 4 Juni

Napeta maharage tangu asubuhi. Vumbi puani, mgongo umekufa. Baba Neema hayupo. Ameipeleka pikapu Kasulu kwa fundi Maneno, amtengenezee springi za nyuma. Kweli zilikuwa zimelala. Yale mabapa yake, vile vyuma vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, yamenyooka kama rula, ukipakia kidogo tu gari imepiga magoti. Kwenye mashimo ya njia ya Mabamba inagonga chini mpaka meno yanauma. Sibishi. Ila ameondoka akisema atarudi na gari ya wanaume, na mume wangu akianza maneno hayo mimi huanza kusali.

Jumatano, 5 Juni

Imerudi. Fundi amekata mabapa mawili ya springi za lori bovu, akayafunga pamoja na yale ya zamani kila upande. Nyuma imeinuka kama punda anayetaka kupiga teke. Majirani wamekuja kuangalia. Baba Neema akapanda kwenye bodi, anarukaruka kuwaonyesha kwamba haishuki. Kweli haishuki.

Mimi niliangalia mpira wa tope tu, ule unaoning'inia nyuma ya tairi. Huo ndio mzani wangu. Miaka yote tukipakia mizigo ya wateja gulioni Mabamba, mimi nasimama nyuma ya gari na kuutazama. Ncha yake ikigusa majani, nasema basi. Baba Neema lazima aseme weka mmoja tena, tunagombana, lakini wapakiaji wananisikiliza mimi. Sasa mpira uko juu huko. Niliutazama nikaogopa, na sikujua naogopa nini.

Alhamisi, 6 Juni

Gulio. Sasa najua.

Nilisimama mahali pangu, magunia yakapanda. Nasubiri mpira ushuke. Haushuki. Bukuru, mkubwa wa wapakiaji, kila gunia ananiuliza, Mama Neema, basi? Nami najibu haijakaa bado. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kuja kushtuka, magunia yamepita paa la kabini na mpira bado umetulia kule juu. Jicho langu halina tena pa kushika.

Kurudi nyumbani Kibondo usukani ulikuwa unaelea. Baba Neema anakata kulia, gari inafikiria kwanza. Kwenye mteremko wa darajani nilisikia harufu ya breki kuungua. Yeye anapiga mluzi. Mimi nimeshika mlango mpaka vidole vimekufa ganzi. Tumefika salama. Amezisifu springi zake njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia naogopa. Akasema nilizaliwa naogopa, hata bodaboda napanda nimefumba macho. Ni kweli. Nikamjibu kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akacheka sana. Basi angalau kicheko tumekipata.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri hata neno.

Mchana Tabitha kapiga simu. Mdogo wangu, aliyeolewa Mabamba. Mimba imekuwa kubwa na zahanati wamemwambia asogee karibu na hospitali. Atakaa kwangu mpaka ajifungue. Baba Neema akaninyang'anya simu, akamwambia shemeji usihangaike na bodaboda, Alhamisi tunakuchukua na gari yetu, utakaa kabini kama malkia. Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

Nataka kumpigia nimwambie asipande. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya wakwe wa mdogo wangu. Sijapiga. Nimeshika simu jioni nzima na sijapiga.

Jumatano, 12 Juni

Natafuta njia nyingine ya kupima mzigo. Nihesabu magunia? Gunia la Mabamba si gunia. Kila mtu na lumbesa yake, amejaza, ameshindilia, ameongeza kilemba cha majani juu na kushona. Gunia moja la huyu ni moja na nusu la yule. Ndiyo maana tuliamini mpira. Mpira haukudanganywa na lumbesa.

Kesho ni gulio. Mungu nisaidie.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Safari hii nilisema basi. Mapema kabisa. Bukuru akainama akautazama mpira, akanitazama mimi, akasema kwa upole, Mama Neema, haijakaa bado. Baba Neema akawaambia mnaona, ni woga tu. Wakacheka, wakaendelea kupakia. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyevuliwa kazi.

Tabitha alikaa katikati yetu, amekumbatia tumbo.

Mteremko wa darajani. Breki zikashika, zikanuka, zikaachia. Mguu wa Baba Neema ulizama mpaka sakafuni. Akakanyaga tena. Na tena. Mluzi ulikatika. Gia ikakataa, halafu ikaingia kwa kelele mbaya, lakini mzigo ulikuwa unatusukuma tu. Mbele, pale darajani, watu wanaswaga ng'ombe. Tabitha hakupiga kelele. Alinishika paja. Niliwaza jambo moja: mtoto huyu hajazaliwa na tayari tumemuua.

Baba Neema akakata kushoto, akaigandamiza gari kwenye ukingo wa udongo. Ikausugua, ikausugua, mlango wangu ukabonyea, kioo kikamwagika mapajani, ikasimama.

Vumbi. Ng'ombe walikuwa wanatutazama.

Nikamwuliza Tabitha kama mtoto anacheza. Akasema subiri. Tukasubiri. Maisha yangu sijawahi kusubiri namna ile. Baba Neema ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Kisha Tabitha akasema kwa Kiha chetu, ego. Ndiyo, anacheza. Nikalia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Niliposhuka nilipita nyuma ya gari. Sijui kwa nini. Mazoea. Mpira ulikuwa unaning'inia kule kule juu.

Ijumaa, 14 Juni

Hospitali wamempima Tabitha. Wote wazima. Amelala kitandani kwa Neema.

Gari imevutwa mpaka nyumbani, na Baba Neema anaizunguka tu tangu asubuhi. Chai yake haijaguswa. Nina hasira naye. Namwonea huruma. Na bado naogopa, hata lori likipita barabarani nashika ukuta.

Jumamosi, 15 Juni

Baba Neema yuko chini ya gari. Breki amemwachia fundi wa hapa Kibondo, lakini springi hataki mtu aziguse, anazifungua mwenyewe. Nilimpelekea chai. Akaanza kuongea akiwa huko huko chini, miguu tu ndiyo naiona. Kumbe siku ile ile Kasulu fundi Maneno alimwonya. Alimwambia nimekuinulia gari, sijakuongezea breki. Yeye akacheka, akalipa, akaondoka.

Nilikuwa na neno kali, liko tayari mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikamshikia spana.

Mabapa ya lori yametoka yote. Amerudisha yale ya zamani na kuongeza moja jembamba kila upande, la pikapu kama yetu, ili isigonge chini kwenye mashimo. Nyuma imeshuka. Majirani wamepita, wametazama, hawakuuliza. Ya lori nimeyaburuta mpaka kwenye banda la mbuzi, yamezuia mlango vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Tabitha anachagua maharage na kunisengenya na Neema. Wanasema nasali hata nikiwa nakoroga ugali. Waache waseme.

Alhamisi, 20 Juni

Gulio. Nilikwenda. Woga haujaondoka, nadhani huu sasa ni wangu wa kufa nao.

Nilisimama mahali pangu. Magunia yakapanda, na mpira ukawa unashuka, kidogo, kidogo. Ukagusa majani. Nikasema basi. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua.

Bukuru alikuwa ameshaweka gunia jingine begani, lumbesa kubwa ya mteja wetu wa siku nyingi. Hakulishusha. Alimgeukia Baba Neema, akangoja ile weka mmoja tena ambayo wote tunaijua.

Baba Neema alikuwa anafunga kamba. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mama Neema kasema basi."

Tuliondoka gunia likiwa limebaki pale chini. Mteremko wa darajani tuliushuka kwa gia ndogo, polepole, na hakupiga mluzi.