Picha ya Saa Tisa Usiku

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mwanao, ambaye sasa ana meno manne na anauma kila kinachopita karibu. Vipi hali yako, na lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi? Sisi leo tu wazima, ingawa wiki iliyopita nisingeweza kuandika hivyo. Usishangae kupata barua badala ya kupigiwa. Simu yetu, unajua ni moja kwa nyumba nzima, bado iko polisi, na hadi juzi shemeji yako alikuwa huko pamoja nayo.

Ilianza hivi. Usiku wa kuamkia Jumatano wezi walivunja ghala la kiwanda cha magodoro, wakabeba cherehani kubwa mbili. Asubuhi mtunza ghala akamwita shemeji yako aje achomelee mlango. Akaenda, akapiga picha ya komeo lililovunjika ili akakate jingine kama lile, akarudi karakana. Kesho yake polisi walipowahoji wote waliofika pale, aliwapa simu mwenyewe, akawatania kwamba humo watakuta milango na mtoto tu. Jumamosi wakaja kumchukua.

Nilikwenda kituoni na mtoto mgongoni. Mpelelezi, mama mmoja wa sauti ya upole, aliniwekea karatasi mezani. Alisema kila picha huficha ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ile ya komeo ilisema: ghalani, saa tisa na dakika ishirini usiku. Shemeji yako aliapa ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mpelelezi akasema asubuhi alifika, hakuna anayebisha, ila anataka kujua alifika mara ya kwanza kufanya nini. Askari mmoja akacheka, akasema basi hiyo simu ilikuwa inaweweseka kwa homa. Nilimshusha mtoto nikamkalisha sakafuni nisije nikamwangusha.

Siku mbili sikulala. Jumatatu jioni nilitaka kumpa mtoto dawa yake, nikatafuta simu nione saa, nikakumbuka haipo. Nikabaki nimeduwaa na kijiko mkononi, maana hapo ndipo nilipojua.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma saa, tukiwa wadogo? Ulisema niangalie mshale mfupi, kisha nisome namba inayotazamana nao upande wa pili. Ukiwa kwenye nane, ni saa mbili. Basi kwenye simu hakuna upande wa pili, dada. Kuna namba tu. Mwezi uliopita nesi aliniambia dawa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na siku moja nikachanganya, nikampa mtoto saa nane mchana. Niliona aibu kumwambia mtu. Nikaingia ndani ya simu, nikabofyabofya, nikairudisha saa nyuma hadi ikasema mbili tunaposema saa mbili. Shemeji yako hutazama saa yake ya mkononi, hakuligundua.

Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mpelelezi kabla hajaweka mkoba. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaitoa simu kwenye bahasha, akaiwasha. Saa ya ukutani, mshale ulikuwa kwenye nane. Simu ilisema mbili. Akaitazama simu, akautazama ukuta, akakaa. Nikamwomba afungue picha ya mwanao akiota jua kibarazani, macho kayafumba kwa mwanga. Chini yake paliandikwa saa nane na dakika kumi usiku. Yule askari wa homa safari hii hakucheka. Wakauliza kampuni ya simu, ikajibu kwamba usiku ule simu haikutoka mtaani kwetu. Mchana wakamwachia.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya kwanza mpelelezi aliniuliza kama mume wangu alilala nyumbani. Alilala, dada. Alikuwa ameniwekea mguu juu ya wangu usiku kucha hadi ukafa ganzi, kama kawaida yake. Lakini karatasi ilikuwa na namba nyingi na muhuri, na mimi niliishia darasa la sita. Nikajibu sijui, labda alitoka nikiwa usingizini. Likaandikwa, nikatia sahihi. Niliiamini simu kuliko mguu wangu mwenyewe.

Yeye hajui. Anawaambia majirani mke wake amewashinda polisi akili, na kila akisema hivyo nainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Lakini naamini tutakaa sawa, ndiyo maana nimeandika yote. Kesho nitampa yeye barua hii aipeleke posta. Bahasha sitaibandika, na nitamwambia aisome kwanza.

Wasalimie watoto na shemeji, na ukija niletee saa ya ukutani, yenye mishale. Barua ikikufikia, ujue ameisoma na bado akaituma.

Mdogo wako akupendaye,
Kifungo