Funguo Kwenye Ndoo ya Unga

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Wizi wa funguo za gari
Jina la shahidi: Hellen Shigela
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwandishi wa habari wa redio
Makazi: Nyegezi, Mwanza

Leo Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, Koplo Shimba, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya, amenieleza kwamba Gladness Kashindye, miaka 24, mhudumu wa mgahawa wa Mawe Matatu ulioko Capri Point, yuko mahabusu ya kituo hiki. Alikamatwa asubuhi huko Pasiansi, kwenye geti la nyumba ya Elias Luhaga, akiwa ameshika funguo za gari la Elias. Koplo amesema kwamba Elias ameandikisha kuwa funguo hizo ziliibwa, na kwamba Gladness alipoulizwa amezipataje hakutaka kujibu. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza amezipataje. Nilikuwepo.

Elias Luhaga namfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Ni mpiga picha, na tumesafiri pamoja kikazi mara nyingi. Mdogo wake, Yakobo, alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Gari lake lilipinduka barabara ya Shinyanga, mbele kidogo ya Buhongwa, akitoka baa. Nilikwenda msibani. Elias alisimama kaburini akamwambia mama yake, mbele ya watu, kwamba hatagusa tena pombe. Hilo nililisikia kwa masikio yangu.

Mnamo tarehe 16 Agosti 2024, siku ya Ijumaa, Elias alinialika chakula cha jioni Mawe Matatu. Alimwalika pia Minaz, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye alisoma darasa moja na Yakobo. Nilifika saa moja na nusu usiku nikawakuta wameshakaa meza ya nje, upande wa ziwani. Eneo lile siku za Ijumaa linajaa. Palikuwa na muziki, na vijana walikuwa wamesimama na glasi zao kwenye miamba kwa sababu viti vimekwisha. Elias alisema ametuita kwa kuwa siku hiyo Yakobo angetimiza miaka thelathini na tano.

Gladness ndiye aliyekuwa anatuhudumia. Elias ni mteja wao wa siku nyingi, na Gladness anapajua kwake. Alinisalimu, "Shikamoo mama," nikaitikia. Elias aliagiza sato mkubwa wa kuchoma, ugali, soda kwa Minaz, maji kwangu na bia kwake. Nilimtazama.

Akasema, "Dada Hellen, usiniangalie kama unasoma taarifa ya habari. Leo nakunywa. Leo tu."

Nikamuuliza, "Na mama?"

"Mama asijue."

Gladness alileta bia na kushika kifungulio. Elias akafunika mdomo wa chupa kwa kiganja. Alisema, "Subiri, usifungue." Akatoa mfukoni funguo za gari na kuziweka kwenye sinia la Gladness. Maneno yake nayakumbuka, kwa kuwa kazi yangu ni kukumbuka maneno ya watu. Alisema hivi:

"Gladi, shika hizi. Zifiche mahali ambapo hata nikiingia jikoni sizioni. Nikizidai, usinipe. Nitakutukana, maana nikilewa nina mdomo, najijua."

Gladness akauliza, "Sasa ukinitukana nifanyeje, kaka?"

"Niitikie tu, 'ndiyo kaka,' uendelee na kazi. Kesho asubuhi niletee nyumbani Pasiansi. Unipe mimi mkononi. Mama asijue kwamba nilikuwa hapa, wala kwamba nilikunywa. Hata iweje."

Minaz alicheka, akasema, "Si umwapishe kabisa? Mwenzio ana meza nyingine, na sisi tuna njaa."

Gladness hakucheka. Alisema, "Sawa kaka, nimekubali." Akaenda jikoni. Aliporudi, mkono wake wa kulia ulikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko. Minaz akamtania kwamba siku hizi wahudumu wanasonga ugali wenyewe. Gladness alijifuta kwa aproni, akafungua chupa. Wakati huo Elias alikuwa hajaonja hata tone. Alikuwa mzima kama nilivyo mimi sasa.

Tulikula. Elias alisimulia vituko vya Yakobo, tukacheka sana. Yakobo alikuwa na desturi ya kuchukua kichwa cha samaki kabla mtu mwingine hajanawa. Usiku ule kichwa kilibaki kwenye sahani mpaka Gladness alipokuja kuondoa vyombo. Aliuliza kama akifunge. Minaz akamwashiria akiache.

Elias aliendelea kunywa. Saa nne na nusu hivi alisimama, akasema anaondoka, na akadai funguo zake. Gladness akamwambia, "Kesho, kaka." Elias akaanza kufoka.

"We mshamba wa Buhongwa, unajua gari wewe?"

"Ndiyo, kaka."

"Nitakufukuzisha kazi!"

"Ndiyo, kaka."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Ndiyo, kaka."

Watu wa meza ya jirani walicheka, na kijana mmoja akawa anarekodi kwa simu. Gladness alikuwa anafuta meza yetu huku anaitikia. Aliifuta sehemu ile ile kwa muda mrefu.

Elias aliingia jikoni, mimi nikamfuata. Alifunua masufuria, akafungua friji, akapekua chini ya meza ya kukatia nyama. Mpishi, anayeitwa Odeta, alimwambia, "Baba, huku kuna moto, utaungua." Mwishoni alichoka, akakaa juu ya ndoo ya unga yenye mfuniko iliyokuwa kando ya jiko. Alijishika kichwa. Alimwita Yakobo kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Odeta alipunguza moto na kumwacha. Gladness alikuwa mlangoni. Hakumtazama Elias. Alikuwa anaitazama ndoo.

Sikumwona akiziweka funguo humo. Niliona mkono wenye unga na niliona alipokuwa anatazama. Naomba funguo zilizoshikiliwa zikaguliwe.

Minaz aliondoka na dereva wake. Mimi nilimpeleka Elias Pasiansi kwa bajaji. Gari lilibaki Mawe Matatu, na kwa ninavyojua bado liko pale. Tulipofika, mama yake alifungua geti mwenyewe. Nilimsikia akiuliza, "Gari liko wapi, baba?" Elias akajibu, "Wamenipora funguo, mama." Nilidhani ni neno la kuvukia usiku ule tu, na kwamba asubuhi angelisema vingine. Sikushuka kwenye bajaji.

Leo mchana Odeta amenipigia simu na kuniambia Gladness amekamatwa. Koplo Shimba amenieleza kwamba mama yake Elias ndiye aliyemkuta getini na kupiga kelele, na kwamba Elias alikuwa nyuma ya mama yake na hakusema kitu. Siwezi kusema kama amesahau au anakumbuka. Hilo aulizwe yeye. Ninachoweza kusema ni kwamba kila alichofanya Gladness, mpaka kunyamaza kwake, aliagizwa na mwenye funguo akiwa na akili zake timamu, nami nilisikia.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ya kweli, na ninatia saini.

(Saini) H. Shigela

Maelezo ya mwandikaji: Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Nimekagua kielelezo. Kuna unga wa mahindi kwenye meno ya funguo na kwenye vitufe vya rimoti. Nimemsomea mtuhumiwa sehemu inayomhusu. Ameuliza swali moja, kama mama yake Elias ataambiwa. Nimemjibu kwamba sijui. Amepewa dhamana leo, mdhamini akiwa Odeta, mpishi. Minaz yuko Magu kibiashara na ataandikisha maelezo yake akirudi.

Saa kumi na moja jioni mlalamikaji amepiga simu kituoni. Amesema anataka kubadilisha maelezo yake, na ameomba mama yake awepo chumbani wakati anayatoa. Wamepangiwa kufika wote wawili Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, saa tatu asubuhi.

(Saini) Koplo Shimba